Kipande Kimoja Kila Mchana

Tarehe 18 Februari

Mama Chiriku,

Hujambo? Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linatangaza mvua kabla ya redio.

Nakuandikia kwa sababu kwa simu hatuwezani. Mara ya mwisho hata salamu hazikuisha, ukaniuliza mbona napumua hivyo, nikakuuliza hivyo vipi, ukakata. Kwenye karatasi angalau kila mtu anamaliza maneno yake.

Shida yangu ni boti. Chiriku anakuja tarehe 14 Aprili pamoja na mjukuu wetu. Miaka sita binti huyu hajakanyaga gati hili, tangu wewe ulipoondoka. Kila akipiga simu ananiuliza, "Baba, boti yetu haijambo?" kama vile boti ni mtu, nami namjibu, "Iko vile vile, nyekundu, ukisimama karibu unaona meno yako." Mara ya kwanza nilisema hivyo kumfurahisha, ya pili kwa mazoea, na sasa nimeshindwa kurudi nyuma. Ukweli ni kwamba boti haing'ai hata chembe. Ule wekundu umepauka umekuwa waridi. Ukipitisha mkono ubavuni, mkono unatoka mweupe kama wa mwalimu aliyeshinda ubaoni. Watu wa gati wameshaipa jina, wanaiita Poda. Abiria wanapanda wakicheka.

Fundi wa faiba alikuja, akaigongagonga kama daktari, akasema ganda la faiba lenyewe ni zima, ni jua tu limekula uso wake. Ushauri wake nipake rangi juu yake yaishe. Sitaki. Chiriku amekulia ndani ya boti hii. Akiona rangi ya brashi atajua nimemdanganya kabla hata hajashusha begi.

Nimekaa nikafikiri nani anaweza kujua dawa yake, nikakukumbuka wewe. Kama kuna kitu cha nyumbani kinachofaa, niandikie. Sitaki mambo makubwa.

Baba Chiriku


Tarehe 26 Februari

Baba Chiriku,

Barua yako imenikuta katikati ya mashuka mia mbili. Sijui kama unajua, siku hizi mimi ndiye msimamizi wa chumba cha kufulia cha bweni la chuo. Nina wasichana wanne chini yangu na mashine mbili, moja inafanya kazi na nyingine inatoa maoni. Nilikaa juu ya kapu la foronya nikaisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka wasichana wakazima mashine kunisikiliza. Poda! Mara ya pili sikucheka.

Umesema huna haja ya mambo makubwa. Haya, chukua kalamu.

Kwanza mwagia ubavu maji. Kama wekundu unarudi ukiwa umelowa na unapotea ukikauka, basi boti yako haijafa, imelala tu. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, uondoe chumvi na mafuta yote. Halafu siki na maji, nusu kwa nusu, upake kwa kitambaa na usiiache ikakaukia juani, suuza upesi. Halafu changanya bekingi soda, ile ya keki, na maji kidogo mpaka iwe uji mzito, usugue kwa mzunguko, polepole, bila hasira. Penye ubishi tumia dawa ya meno nyeupe. Nyeupe, Baba Chiriku. Na ole wako nisikie umegusa ule waya wa kusugulia sufuria. Utaichanachana boti kama paka.

Kitambaa kiwe laini na kikuukuu. Mimi nilitumia nepi za Chiriku.

Usifanye boti nzima kwa siku moja, hutaweza. Fanya kipande cha ukubwa wa sinia, umalize, ndipo uende kingine. Mimi nilikuwa nafanya kipande kimoja kila mchana, baina ya safari ya saa sita na ile ya saa nane, wakati wewe umelala kwenye benchi la kibanda cha abiria na kofia usoni. Nilikuwa nasimama maji yakinifika magotini. Kuizunguka yote kulinichukua miezi miwili, na nikimaliza naanza upya. Nilifanya hivyo miaka kumi na minane. Usione vyaelea, vimeundwa.

Sasa na mimi nina swali. Je, Chiriku anajua umeniandikia? Mjukuu wangu ana miaka miwili na sijamwona hata kwa picha. Wiki aliyozaliwa nilipiga simu, mumewe akaniambia mzazi amelala. Nikapiga baada ya siku tatu, amelala. Hakuna mwanamke anayelala siku tatu na kitoto kichanga ndani ya nyumba. Nilielewa, nikaacha kupiga.

Sitaki boti yako wala sina mpango wa kurudi kwenye gati lenu. Nataka mwanangu aongee nami. Hilo tu.

Mama Chiriku


Tarehe 9 Machi

Mama Chiriku,

Unarudi! Wekundu unarudi!

Nilianza kwa makosa, nikiri. Dukani nilichukua dawa ya meno yenye mistari, nikidhani mistari ndiyo nguvu. Kumbe ni ile ya utelezi, isiyo na chembe za kusugulia. Nilisugua asubuhi nzima, boti ikatoa povu la mnanaa na ikabaki Poda yule yule. Mlinzi wa gati akaniuliza kama naipeleka kwa daktari wa meno. Nikarudi dukani nikanunua ile nyeupe, mirija minane kwa mpigo. Mwenye duka alinitazama kinywani, nikafunga mdomo.

Lakini siku ya tatu, Mama Chiriku! Niliosha kipande kile cha karibu na ngazi, nikakikausha, nikasogea nyuma. Nilikuwa nimesahau ilikuwa nyekundu kiasi gani. Nilisimama pale na nepi mkononi (si nepi, ni fulana yangu ya zamani) na mambo yote yakanirudia. Unawakumbuka wale walimu wawili waliokuwa wakivuka kila asubuhi? Walikuwa hawapandi mpaka wamejifunga vilemba vizuri kwa kujitazama ubavuni, huku foleni nzima inawasubiri. Na yule karani wa masharubu aliyekuja na kichana chake. Na Chiriku mwenyewe, ana miaka mitano, anaenda pale mbele kwenye mkunjo ambapo uso unavimba mashavu, anaanza kwa kucheka na kumalizia kwa kulia kwa sababu yule wa ndani ya boti anamkenulia. Wewe ulikuwa unamwambia, "Mkenulie vizuri, na yeye atakukenulia vizuri."

Sasa nimefika katikati ya ubavu wa kulia. Nafanya vipande vitatu kwa siku, goti likiruhusu.

Kumbe ni wewe! Miaka yote hiyo mimi nilijua ni ubora wa faiba ya zamani. Nilikuwa nawaambia watu, faiba za siku hizi hazina kitu. Naapa sikujua kabisa.

Kuhusu Chiriku, bado sijamwambia. Nitamwambia akifika. Mambo ya simu unayajua mwenyewe.

Baba Chiriku


Tarehe 17 Machi

Baba Chiriku,

Nimefurahi wekundu umerudi. Nimefurahi kweli, sikutegemea. Na mimi nilikuwa nikijitazama humo. Nadhani ndani ya ubavu ule ndimo nilimozeekea, kidogo kidogo, kila nikirudi kwenye kipande kile kile baada ya miezi miwili namkuta mwanamke yule ameongeza kakunjo. Sikuchukia. Mchana gati lilikuwa kimya, maji baridi miguuni, rangi inafunguka chini ya mkono wangu. Zilikuwa saa zangu mbili za siku. Huku chumba cha kufulia kinapiga kelele kama harusi ya viziwi, na wakati mwingine nazitamani zile saa mbili kuliko ninavyotamani chakula.

Lakini umeapa. Niliposoma pale ulipoapa niliiweka barua chini nikaenda kukamua mashuka kwa mikono, na mashine ipo.

Nikukumbushe mkutano wa wenye boti. Walikupa kikombe, boti iliyotunzwa vizuri kuliko zote, wakakupa na nafasi ya kusema. Ulimshukuru aliyekuuzia faiba. Ulimshukuru fundi wa mashine. Ulimshukuru mlinzi wa gati, ambaye kazi yake ilikuwa kuilinda isiibwe, si kuing'arisha. Hata jua ulilishukuru kwa kutokuwa kali mwaka ule, watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa mstari wa pili, nimevaa gauni la zambarau, kucha zangu zimepasuka kwa siki. Nilikuwa nimeshanyanyua makalio kidogo kwenye kiti, nikijua jina linalofuata ni langu. Nikarudi kukaa.

Mgala muue na haki yake umpe. Nilikaa miezi minne baada ya hapo. Nilisubiri uniambie hata jikoni, hata kwa mzaha, hata ukiwa umekasirika. Ndipo nikaondoka.

Mtoto sikumwambia sababu. Alikuwa mbali, ndiyo kwanza ameanza kazi, na nilijiambia si vizuri kumpaka baba yake matope. Nikadhani wewe utamweleza kwa namna isiyomuumiza mtu. Baada ya wiki mbili hakupokea tena simu yangu.

Ulimwambia nini, Baba Chiriku?

Mama Chiriku


Tarehe 27 Machi

Mama Chiriku,

Tumeangamia.

Ubavu wa kulia niliumaliza tarehe 13, ukang'aa watu wakaja kupiga picha. Jumapili iliyopita nimeamka nauona umefanya ukungu. Leo nimepitisha mkono, mkono umetoka mweupe. Poda amerudi, na mlinzi wa gati anasema safari hii amerudi na ndugu zake. Nilikosea wapi? Siki ilikuwa kali? Nilisugua kwa hasira? Sikuwa na hasira, naapa.

Zimebaki siku kumi na nane. Upande wa kushoto nimesimamisha mpaka nisikie kutoka kwako. Niandikie upesi, mpe barua dereva wa basi la asubuhi, ananifahamu.

Yale mengine tutayazungumza.

Baba Chiriku


Tarehe 1 Aprili

Baba Chiriku,

Hukukosea popote. Hatua ya mwisho niliificha.

Ndiyo, niliificha kwa kusudi. Wapo wapishi wanaomfundisha jirani pishi lao lote wakabakiza kiungo kimoja, kisha jirani anashangaa mwaka mzima. Mama yangu mdogo alikuwa hivyo na nilikuwa namcheka. Sasa nami nimefika huko. Barua yako ya kwanza ilinijia na "sitaki mambo makubwa", bila samahani, bila habari za miaka sita, nami nikasema huyu ang'arishe wiki mbili aone utamu wake, halafu aone unavyoondoka. Nilitaka usimame mbele ya kitu kizuri kinachofifia na usijue ufanye nini. Sijivunii.

Sikiliza basi. Ukishasugua, faiba inakuwa uchi. Jua linaila upya, tena kwa haraka kuliko mwanzo. Lazima uivishe nta. Kifurushi alichokupa dereva kina makopo matatu ya nta ya samani, ile isiyo na rangi. Usinunue ile nyekundu ya sakafu ukadhani umepata njia ya mkato, abiria watashuka na makalio mekundu. Rudia ubavu kwa soda, suuza, ukauke kabisa. Paka nta nyembamba kwa mzunguko, isubiri mpaka ifanye ukungu, kisha ifute kwa kitambaa kisafi mpaka mkono uteleze. Fanya mara mbili. Ukianza leo utawahi.

Nami nimesema langu, nimebaki mweupe kama huo mkono wako. Sasa zamu yako.

Nimefikiri sana kuhusu kiapo chako. Kama hukujua, kama kweli uliamini ni ubora wa faiba, basi ilipofifia ungemwandikia aliyekuuzia faiba. Ungemwandikia mtu wa rangi. Kwa nini uliniandikia mimi, mtu usiyezungumza naye, anayekukatia simu?

Ulijua au hukujua? Na ulimwambia nini mtoto? Usiniandikie tena habari za boti mpaka umejibu hayo mawili.

Mama Chiriku


Tarehe 6 Aprili

Mama wa mwanangu,

Nilijua.

Ilikuwa mwaka wa pili wa boti. Inzi aliingia chini ya kofia akaniamsha, nikaiinua kidogo kumfukuza, nikakuona. Umesimama majini, gauni umelifunga kiunoni, umeuma ulimi kama mtoto anayejifunza kuandika. Nilitaka kuamka. Halafu nikaona aibu, kwamba mwanamume mzima amelala mchana na mke wake anafanya kazi ndani ya maji. Nikasema kesho nitaamka nimsaidie. Kesho yake nikasema kesho. Baada ya mwezi ilikuwa imeshakuwa vigumu, kwa sababu ningeamka ungeniuliza nilianza kujua lini.

Na nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Baadaye sikuwa nalala kabisa. Nilikuwa nakwenda kwenye benchi lile kukutazama. Mimi ni mtu wa kelele, mashine, abiria, kupayuka bei. Saa mbili zile zilikuwa zangu pia. Niliogopa nikifungua mdomo zitaisha. Huo si udhuru, nakueleza tu ilivyokuwa.

Siku ya kikombe jina lako lilikuwa kinywani. Nikawatazama wenye boti arobaini, nikaona jinsi watakavyocheka, kwamba kumbe nahodha wa boti ile ni mkewe. Nikalishukuru jua. Nilikuona uliponyanyuka na nilikuona uliporudi kukaa. Nimeona hilo kila siku kwa miaka sita.

Nilimwambia mtoto nini? Alipiga simu wiki uliyoondoka, analia, akauliza kwa nini. Nikamwambia mama yako amechoka na maisha ya gati. Akauliza, "Amechoka na wewe?" Nikasema labda. Akauliza, "Na mimi pia?"

Nikanyamaza.

Sikusema ndiyo. Naapa, na hiki ni kiapo cha kweli, sikusema ndiyo. Lakini nilinyamaza mpaka akakata, na kunyamaza kwangu ndiko alikokusikia. Nilipoona hapokei simu zako nilijua ni kwa nini, nikasema kesho nitamweleza. Unaijua kesho yangu.

Ubavu wa kulia umemalizika, na nta. Wa kushoto namaliza Jumatano. Inang'aa, na sina raha nayo. Nisamehe. Njoo tarehe 14 uwepo akifika.

Baba Chiriku


Tarehe 10 Aprili

Baba Chiriku,

Mwanamume wewe, unakoroma. Umekoroma tangu usiku wa kwanza wa ndoa yetu, majirani zetu wa chumba cha pili walihama. Pale kwenye benchi ulikuwa kimya kama maji ya mtungini. Ulidhani sikugundua?

Nilijua unanitazama. Ndiyo maana nilikuwa nalifunga gauni vizuri. Miaka kumi na saba nilisugua boti ile nikiwa na mtazamaji wangu, na kila mchana nilijiambia leo atatupa kofia, leo ataniita. Nilipokuuliza kama ulijua sikuwa naulizia habari, nilikuwa nataka kukusikia unasema. Umesema. Imenichukua siku nzima kuamini maandishi yale ni yako. Nimelia mbele ya wasichana wangu, wakadhani nimefiwa.

Hilo nimekusamehe, la benchi na la kikombe. Ni letu wawili, tulilitengeneza pamoja, nami ningeweza kukurushia nepi yenye siki usoni siku yoyote na sikufanya hivyo.

La mtoto sijakusamehe. Miaka sita anaamini mama yake alimchoka. Amejifungua akiamini hivyo.

Tarehe 14 sitakuja. Sitasimama gatini kama mtu aliyejialika kwenye shughuli, mwanangu ashuke anione ageuze uso mbele ya abiria. Kama yeye ananitaka ataniita yeye. Wewe kazi yako ni moja. Mwambie. Si kesho.

Mama Chiriku


Tarehe 16 Aprili

Mama,

Ni mimi. Sijui kuanza barua kwako, nimechana tatu. Ya nne hii naituma ilivyo.

Juzi tulifika. Baba alikuwa gatini amevaa shati la kola na suruali imelowa hadi magotini. Boti ilikuwa nyuma yake, Mama, nyekundu kuliko ninavyoikumbuka, macho yaliniuma. Nikasema, "Baba, kweli iko vile vile." Sikumaliza. Akasema, "Haiko vile vile, ilikuwa Poda mpaka mwezi uliopita. Usishushe begi kwanza. Ukinisikiliza halafu ukataka kugeuza, basi la kurudi linaondoka saa tisa." Na akaanza. Pale pale, mbele ya abiria, mbele ya mlinzi, mume wangu ameshika mtoto. Akasema ni wewe uliyekuwa unaing'arisha miaka kumi na minane na yeye amelala uongo. Akaeleza kikombe. Akaeleza ile simu, swali langu na kimya chake. Alisema kwa sauti ya kutangaza safari, ile ile. Mlinzi akavua kofia. Abiria mmoja akasema safari ya saa nane itachelewa, wenzake wakamnyamazisha.

Sikurudi na basi. Lakini sikuongea naye mpaka jana jioni, na bado simwongeleshi vizuri. Nimempa mirija ya dawa ya meno iliyobaki nikamwambia akasugue ngazi.

Mama, nilipokuwa mdogo mikono yako ilikuwa inanuka siki. Nilidhani ni jikoni. Mchana nilikuwa shule, sikuwahi kuona. Nilipokuwa mkubwa nilikuwa na macho na bado sikuona. Halafu nikaamini kimya cha mtu mmoja kwenye simu, sikukuuliza hata mara moja wewe mwenyewe. Ningeweza kukuuliza. Niliogopa utajibu ndiyo. Ulipopiga nimejifungua nilikuwa macho, nimekaa kitandani, nikamwashiria mume wangu kwa mkono aseme nimelala. Nisamehe mama yangu. Sina namna nzuri zaidi ya kuliandika.

Baba amenionyesha barua zako zote. Nilimkataza tangu mwanzo asikutajie jina la mtoto, na hilo ndilo agizo langu pekee alilolitii. Nami niliona umeandika mjukuu wangu, na huulizi jina. Labda na wewe uliogopa.

Alizaliwa alfajiri. Mkunga aliuliza anaitwa nani, ameshika kalamu. Nilikuwa nimekununia miaka minne wakati huo na nilikuwa na orodha ya majina mazuri kwenye mkoba. Likanitoka kinywani moja ambalo halikuwamo kwenye orodha. Mume wangu akanitazama akidhani nimechanganyikiwa. Nikamwambia mkunga aandike hivyo hivyo.

Ana jina lako, Mama. Miaka miwili namwita siku nzima, njoo ule, shuka hapo, acha hicho. Akivunja kitu nikitaka kumkaripia najikuta nalitaja jina lako kwa hasira, halafu namkumbatia na hajui kwa nini.

Nampa dereva wa basi la asubuhi barua hii, na kesho yake tutapanda basi hilo mimi na mtoto. Tutashuka mbele ya bweni mchana. Utaniona nimebeba begi la kijani. Nikimwita kwa sauti na wewe uitike.

Chiriku wako